Nyanya zimejikunja, nyuki wamepungua: kusoma dalili za kiuagugu kilichopeperuka

Msimu wa kupalilia mahindi ukifika, hapa Ilula simu huanza kulia. Mmoja anasema nyanya zake zimeingia rasta, ugonjwa wa kukunja majani, mwingine anasema kauziwa mbegu feki, wa tatu kashanunua dawa ya utitiri, dawa ya ukungu na busta, na zote kazipuliza ndani ya wiki moja. Ukienda kuangalia, mara nyingi unakuta shamba la mahindi la jirani lilipigwa dawa ya magugu siku nne au tano zilizopita, na upepo ulikuwa unatokea huko.

Lakini si kila jani lililojikunja limeguswa na kiuagugu. Kuna virusi, kuna utitiri, kuna ukame, na kuna bomba lako mwenyewe. Ukikosea kutambua, unapoteza fedha kwa dawa isiyohitajika, unagombana na jirani bure, na wadudu waliokuwa wanakusaidia unawamaliza kwa mikono yako. Naandika kwa ajili ya mwenye nyanya, maharage, vitunguu, alizeti au mizinga ya nyuki aliyepakana na shamba linalopulizwa. Mifano yangu ni ya huku Kilolo, mkoani Iringa, ambako nyanya na mahindi hupandwa bega kwa bega na mara nyingi kinachowatenganisha ni njia ya mguu tu.

Kabla ya kugusa zao, nenda mpakani

Wengi huanza kwa kung'oa mche mmoja wa nyanya na kuupeleka duka la pembejeo. Mche mmoja hausemi mengi. Mpaka wa shamba unasema, kwa sababu pale pameota mimea ya kila ukoo: kishona nguo, mnavu, mchicha pori, mgagani, ukoka, pengine mche wa mpapai uliojiotea. Kila kiuagugu kina mimea kinayoiumiza na mimea kinayoiacha. Kwa hiyo angalia nani kaumia na nani yuko salama, hapohapo, kwenye hatua mbili za udongo.

Chuchumaa ushike kishona nguo. Kikiwa kizima, shina lake lina pembe nne na limenyooka, majani yametandazwa, meno ya pembeni yanaonekana vizuri. Kilichoguswa na 2,4-D, kiuagugu cha kwenye mahindi, kimepinda ncha kama ndoano, vikonyo vya majani vimegeuka chini, shina limevimba au kupasuka karibu na kifundo, na vitumba vya maua vimebaki vimefumba. Sasa tazama ukoka unaotambaa chini yake. Kama ni wa kijani na haujali kitu, umeshapata nusu ya jibu: dawa iliyopita hapo inaumiza mimea ya majani mapana na kuacha jamii ya nyasi. Hiyo ndiyo tabia ya 2,4-D, na ndiyo sababu watu wanaipiga ndani ya mahindi, ngano, mpunga na miwa.

Kama kishona nguo na ukoka vyote vinageuka njano polepole, fikiria glaifoseti. Kama nyasi peke yake ndizo zinazokufa na mnavu umestawi, kuna mtu kapuliza dawa ya kuua nyasi, labda kwenye vitunguu au maharage. Kama mimea yote ina madoa ya kuungua lakini machipukizi mapya ni safi, hiyo ni dawa ya kuunguza kwa kugusa, kama parakwati.

Ukishasoma mpaka, ingia ndani ya shamba lako ukihesabu hatua. Kila baada ya hatua kumi simama, angalia mimea mitano, andika ni mingapi imeharibika, kisha choma kijiti. Dawa iliyopeperuka huacha mteremko: uharibifu ni mkubwa upande ilikotokea, unapungua kadiri unavyosogea mbali. Ugonjwa wa virusi hauendi hivyo. Huo hutupa mche mmoja hapa, mwingine kule, na unaendelea kuongezeka wiki hadi wiki. Upungufu wa rutuba hufuata udongo: mahali palipoinuka, mahali palipokuwa na chungu la samadi, ukanda wa mchanga.

Angalia pia vivuli. Mche uliokuwa nyuma ya mgomba au nyuma ya kibanda ukiwa mzima huku wenzake wa pembeni wameumia, ni matone yaliyosafiri na upepo. Kama vivuli havijasaidia kitu, na palipoumia zaidi ni bondeni, kuna uwezekano ilikuwa mvuke au matone madogo sana yaliyokusanyika na hewa baridi. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo linalowashangaza wakulima waangalifu.

Majani ya nyanya yamejikunja na mashina yamepinda

Hili ndilo lalamiko la kwanza na ndilo linalochanganya zaidi, kwa sababu rasta nayo hukunja majani.

Rasta ni ugonjwa wa virusi unaoletwa na nzi weupe. Mche hudumaa na kusimama wima kama ufagio, vijani vidogo hukunja kingo zake kuelekea juu kama kikombe, na kingo hizo huwa za njano. Tikisa mche asubuhi, utaona vumbi jeupe linaruka. Maua hupukutika. Mche haurudi katika hali yake.

2,4-D hufanya tofauti. Mpangilio wa ukuaji wenyewe unavurugika, kwa sababu dawa hii inaiga homoni ya mmea. Ndani ya saa chache hadi siku mbili vikonyo hupinda kwenda chini, shina linajisokota. Kisha majani mapya yanayotoka huwa membamba, marefu, yamechongoka, na vishipa vyake vinakwenda sambamba kama vya jani la nyasi badala ya kutawanyika kama wavu. Shika jani lielekeze juani: ukiona mistari myeupe iliyobanana inaelekea nchani, hiyo rasta haifanyi. Matunda yaliyokuwa yanaundwa siku hiyo hutoka na umbo la peasi, au yenye makovu na mashimo upande wa kitako.

Utitiri mdogo usioonekana kwa macho nao hukunja chipukizi, lakini upande wa chini wa jani hung'aa kama umepakwa shaba, na jani huwa gumu, linavunjika. Na mara nyingi huo huumiza zao lako na jamaa zake tu. Kishona nguo cha mpakani kwa kawaida hakitakuwa na habari nao.

Maharage na soya wakati mwingine hukunja vijani kuelekea juu kama kijiko, ncha zikawa nyeupe au za njano. Dikamba, kiuagugu kingine cha majani mapana, hufanya hivyo hasa. Huko Marekani dawa hii iliruhusiwa mwishoni mwa 2016 kupulizwa juu ya soya iliyobadilishwa vinasaba ili iihimili, na msimu wa 2017 pekee Kevin Bradley wa Chuo Kikuu cha Missouri alikadiria kwamba ekari milioni 3.6 za soya isiyoihimili ziliharibiwa. Mahakama zilifuta vibali vya matumizi hayo mwaka 2020, na tena mwaka 2024. Naitaja ili ujue kwamba jambo hili halitokani na uzembe wa mkulima mdogo. Wenye mashine kubwa na mafunzo kamili walishindwa kuizuia dawa hiyo isivuke mpaka.

Madoa ya kuungua, njano ya chipukizi, njano ya kingo

Madoa yaliyotawanyika, kila moja limezungukwa na ukingo mkali, yametokea ndani ya siku moja au mbili na hayaongezeki: hayo ni matone ya parakwati au dawa ya jamii yake. Bakajani hufanana nalo mwanzoni, lakini hilo hutanuka, huanzia majani ya chini na huwa na miduara ndani ya miduara. Doa la parakwati hubaki lilivyo. Mche hupona kwa majani mapya. Ila kuwa mwangalifu na mabaki yoyote ya dawa hiyo, kwa sababu binadamu akiimeza haina kiuasumu.

Glaifoseti haina haraka. Siku saba hadi kumi na nne zinaweza kupita. Kwenye nyanya utaona njano, mara nyingine karibu nyeupe, inaanzia kitako cha vijani vichanga, huku ncha zikiwa bado za kijani. Ukosefu wa madini ya chuma nao huleta njano kwenye majani machanga, ila huo huacha vishipa vikiwa kijani na husambaa jani zima. Kwa miti ya matunda na kahawa jambo ni gumu zaidi, maana dawa iliyoingia mwisho wa msimu inaweza kuonekana msimu unaofuata, pale machipukizi yanapotoka yamesongamana kama kifundo cha ufagio, majani yakiwa membamba. Mwenye mti anakuwa ameshasahau siku ya upepo ule.

Atrazini, kiuagugu kingine, haisafiri sana kwa upepo, inasafiri kwa maji. Majani ya chini na ya zamani ndiyo hugeuka njano kwanza, kuanzia kingo, kisha kingo hukauka. Ukiona hali hiyo imefuata njia ya maji ya mvua kutoka shamba la juu, usitafute upepo.

Mahindi yenyewe yanakufa moyo

Kuna kesi za kinyume: mwenye vitunguu kapuliza dawa ya kuua nyasi, mahindi ya jirani yakaumia. Jani la katikati hugeuka njano au zambarau na ukilivuta linatoka kirahisi, kitako chake kimeoza na kulainika. Funza wa mabua naye huua moyo wa mhindi. Pasua shina kwa kisu kwa urefu. Ukikuta tundu, kinyesi kama unga wa msumeno, au funza mwenyewe, umepata jibu. Shina likiwa safi ndani na limeoza tu pale kwenye kikuo, yaani jani jipya linapotokea, rudi mpakani ukaangalie nyasi.

Uharibifu umefuata mistari ya bomba lako

Hapa nataka usome polepole, kwa sababu nimeliona mara nyingi, na limenitokea mimi.

Mwaka mmoja nyanya zangu zilijisokota kuanzia mstari wa kwanza. Mteremko ulikuwepo, ila ulikuwa wa ajabu: mistari mitatu ya mwanzo ilikuwa mibaya sana, ya nne na ya tano nafuu, kisha kuanzia pale ninapojaza bomba mara ya pili, karibu salama. Jirani yangu wa mahindi yuko upande wa mashariki. Mistari mibaya ilikuwa magharibi, pale ninapoanzia kupuliza kila mara. Mpakani kishona nguo kilikuwa kinachanua maua yake meupe yenye kitovu cha njano, kimejaa nyuki, hakina hata jani lililopinda. Nilikuwa nimeshamtuhumu mtu kwa siku nane. Kumbe bomba langu nilimwazima ndugu akapigia 2,4-D, akalirudisha limesuuzwa kwa maji mara moja, na mimi nikachanganyia ndani yake dawa ya ukungu.

2,4-D hung'ang'ania kwenye mpira, kwenye gasketi na kwenye chujio, na nyanya inaumizwa na kiasi kidogo mno. Kusuuza mara moja hakutoshi. Mwaga maji safi ndani, pitisha kwenye mpira hadi nozeli, rudia mara tatu. Kisha jaza maji yenye sabuni ya unga, pitisha kidogo kwenye mpira, acha yalale usiku kucha. Asubuhi fungua nozeli na chujio uvisugue kwa mswaki wa zamani, halafu suuza tena mara mbili. Maji hayo yamwage ndani ya shamba la mahindi lililopigwa dawa hiyohiyo, yasiende mtoni wala kwenye mfereji wa umwagiliaji.

Ukiwa na shaka, jaribu. Otesha maharage machache kwenye kopo, yakifikisha majani mawili ya kweli yapulizie maji safi kutoka bomba hilo. Subiri siku nne. Yakijikunja, bomba bado halijatakata. Lakini ushauri wangu wa dhati ni kuwa na bomba mbili. Moja lipake rangi nyekundu na liwe la kiuagugu tu, maisha yake yote. Bei ya bomba la pili haifikii hasara ya robo ekari ya nyanya.

Nyuki wamepungua

Swali la kwanza ni hili: wamekufa, au hawaji?

Ukikuta nyuki wengi wamelala mbele ya mzinga, wengine wanajizungusha chini, ndimi zimetoka nje, mtafute aliyepiga dawa ya wadudu. Viuagugu mara chache huua nyuki kwa mafungu namna hiyo. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, watu wamezoea kuchanganya dawa ya funza na dawa ya magugu kwenye bomba moja ili wapulize mara moja tu. Mchanganyiko huo ukipeperuka, mpakani utaona vyote viwili: kishona nguo kimesokotwa na nyuki wamekufa. Muulize jirani kwa upole alichanganya nini.

Hilo halimaanishi kwamba kiuagugu ni salama kwa mdudu aliyeguswa. Bidhaa nyingi zina viambato vya kulowesha, kama sabuni, na nyuki aliyelowa hizo anaweza kufa. Tena mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walionyesha kwamba glaifoseti hupunguza bakteria wazuri wanaoishi tumboni mwa nyuki, na nyuki hao wakashambuliwa kirahisi zaidi na vimelea.

Lakini madhara makubwa yanapitia njaa. Kaa pembeni ya mzinga asubuhi, jua likishapasha hewa, dakika tano. Tazama miguu ya nyuma ya wanaoingia. Wiki za kawaida utaona vifurushi vya chavua, vya njano, vya chungwa, vingine vyeupe. Baada ya mpaka kupigwa dawa, wanaingia miguu mitupu. Andika namba yako ya kila wiki kwenye daftari, kwa sababu kila mzinga una namba yake, na bila ya jana huwezi kuisoma ya leo.

Kumbuka kwamba mmea si lazima ufe ili mdudu akose chakula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State walipulizia luserni, mmea wa malisho, na mmea mmoja wa porini kiasi kidogo cha dikamba, kinachofanana na kile kinachopeperuka. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016 yalikuwa kwamba mimea ilichelewa kuchanua, ikatoa maua machache, na wadudu waliitembelea mara chache. Ukipita njiani ungeiona ya kijani ukasema hakuna kilichotokea. Ndiyo maana nasisitiza vitumba. Fungua kitumba cha kishona nguo kwa ukucha. Kikiwa kikavu ndani wakati kingepaswa kuwa na njano mbichi, nyuki wamekosa mlo hapo, hata kama majani yanapendeza.

Vidukari wameongezeka wiki mbili baadaye

Hii ni dalili ambayo watu hawaifungamanishi na kiuagugu, nami nilichelewa kuielewa. Nzi wa maua, wale wanaoelea hewani kama wamening'inizwa kwa uzi, hula mbochi na chavua wakiwa wakubwa, lakini watoto wao hula vidukari. Nyigu wadogo wanaotaga ndani ya funza nao wanahitaji mbochi. Mpakani ndiko kwao. Huko Moshi, kwenye mashamba ya maharage na ngwara, watafiti wamepima mimea ya kingo za shamba na wakaona inavyowalisha na kuwahifadhi wadudu hawa rafiki. Maua yakiondoka, wao wanaondoka, vidukari wanabaki peke yao.

Kuna sababu ya pili. Mwaka 1976 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba mahindi yaliyopigwa 2,4-D yalipata vidukari wengi zaidi na funza wa mabua wengi zaidi kuliko yasiyopigwa. Mmea uliovurugwa unakuwa mlo mzuri zaidi kwa anayeunyonya. Kwa hiyo ukiona vidukari wamejaa, usikimbilie dawa ya wadudu siku hiyohiyo. Geuza majani ishirini. Ukikuta vidukari waliovimba na kugeuka rangi ya kahawia kama maganda, nyigu wameshataga humo. Ukikuta vibuu vya kijani visivyo na miguu vinajivuta kati yao, au mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, walinzi wamesharudi. Wape wiki.

Mwenye kilimo cha kusukuma na kuvuta, ule mtindo uliobuniwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya, wa desmodiamu kati ya mahindi na majani ya tembo pembeni, aangalie mara mbili. Desmodiamu ni ya majani mapana. 2,4-D ya jirani ikiifikia, ulinzi dhidi ya funza na kiduha unalegea katikati ya msimu.

Ilifikaje hapa?

Nilipokwenda kwa jirani wa mashariki mwaka uliofuata, safari hii dawa ikiwa kweli imetoka kwake, sikuanza na lawama.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Karibu, keti."

Nilimwonyesha kishona nguo nilichokichomoa mpakani. Alikigeuza mkononi, akanyamaza, kisha akasema, "Lakini mimi nilipuliza alfajiri makusudi. Upepo haukuwepo hata kidogo."

Alisema kweli, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Alfajiri tulivu, mbingu wazi, hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu. Inakuwa kama kifuniko. Matone madogo hayapandi wala hayatawanyiki, yanaelea kama ukungu na kuteremka polepole kufuata bonde. Njia ya kujua ni moshi wa jikoni. Ukitoka nje ukaona moshi umepanda kidogo kisha umelala na kutambaa juu ya mabati, usipulize. Subiri jua lipande, moshi uinuke na kupotea. Upepo mwepesi wa kilomita 3 hadi 15 kwa saa, unaousikia usoni na unaotikisa majani bila kutikisa matawi, na unaovuma kuelekea mbali na mashamba ya watu, ni bora kuliko utulivu wa alfajiri.

Ukubwa wa tone ndio huamua mengine. Tone la mikroni 100, unene wa unywele, likidondoka kutoka kimo cha mita 3 huchukua kama sekunde 10, na upepo wa kilomita 5 kwa saa hulisogeza karibu mita 13. Tone la mikroni 400 hutua ndani ya sekunde 2 hivi, limesogea mita mbili na nusu. Tone la mikroni 20 hubaki hewani dakika 4 na linaweza kwenda zaidi ya mita 300. Nozeli ya duara inayokuja na bomba jipya imekusudiwa dawa za wadudu na ukungu, inatoa matone madogo. Kwa kiuagugu nunua nozeli ya feni, pampu taratibu, shusha mkono hadi nozeli iwe kama nusu mita juu ya magugu. Wengi husukuma kwa nguvu wakidhani ndiyo kazi nzuri, kumbe wanatengeneza ukungu.

Mwisho, soma lebo. 2,4-D ya amini haigeuki mvuke kirahisi. Ile ya esta hugeuka, hasa siku ya joto, na mvuke unaweza kuinuka na kuondoka hata siku iliyofuata kupulizwa. Kama ni lazima jirani aitumie, amini ndiyo ya kuombea.

Fanya nini sasa

Piga picha leo: mche mmoja kwa karibu, mstari mzima, kisha mpaka ukionyesha shamba la pili nyuma. Rudia siku ya 7, ya 14 na ya 21, mahali palepale penye vijiti. Andika tarehe, saa ya kupulizwa kama unaijua, na upepo ulikotoka. Mwite afisa ugani wa kata mapema, kabla majani hayajakauka na kufanana na ugonjwa mwingine. Ikibidi kuendelea mbele, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, yenye makao makuu Arusha, ndiyo inayosimamia viuatilifu chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020.

Usipulize busta ukidhani inatibu. Hakuna dawa ya kufuta kiuagugu kilichokwisha ingia. Mwagilia vizuri, palilia kwa mkono, usiongeze mzigo mwingine juu ya mmea uliochoka. Mnavu, mchicha na mgagani wa mpakani usichumwe kwa mboga, na waambie watoto na mama wa nyumba jirani wazi, kwa sababu wao ndio huchuma hapo. Nyanya zilizoiva siku dawa ilipopita usizipeleke sokoni kabla ya kupata ushauri. Lebo haina siku za kusubiri kwa zao ambalo dawa hiyo haikuandikishwa.

Siku ya 21 amua. Tazama chipukizi la juu na machipukizi ya makwapani. Yakitoka na majani mapana yenye umbo la kawaida, mche umevuka, utachelewa lakini utazaa. Kama hata majani mapya ya wiki ya tatu bado ni membamba kama uzi na maua yanadondoka, ng'oa sehemu hiyo upande kitu kingine. Mistari ya mbali karibu kila mara inaokoka, kwa hiyo usifyeke shamba zima kwa hasira.

Na jirani? Tulikubaliana mambo mawili. Akitaka kupuliza ananitumia ujumbe jioni ya siku inayotangulia, nami asubuhi natazama moshi na kumjibu. La pili nililichukua kwa wakulima wa nafaka wa Uingereza, ambao huko nyuma waliacha ukanda wa nje wa mita 6 bila kiuagugu, wadudu wakarudi, na vifaranga vya kwale wa kijivu wakapata chakula. Kwetu mita 6 ni mistari minane ya mahindi yaliyopandwa kwa sentimita 75. Mistari hiyo minane, upande unaoelekea kwangu, haipigwi dawa. Inapaliliwa kwa jembe, na siku ya kupalilia mimi na kijana wangu tunakwenda kusaidia. Kishona nguo kilichobaki kati ya mistari hiyo na njia ya mguu hatukigusi hadi kimalize maua.